Alhamdulillah iliyoandikwa kwenye faili

Kwa muda wa miaka mitatu, kuanzia mwishoni mwa 2021, tulikaa wanawake watatu kwenye meza moja katika ofisi ya ghorofa ya pili mjini Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Tanga, wa pili ametoka Mombasa, na wa tatu alizaliwa Barawa akakulia kambini nchini Kenya. Wenzetu wa ofisini walipaita mahali petu "meza ya Kiswahili". Kazi yetu ilikuwa kupokea simu za watu waliougua au kuumia hata wasiweze tena kufanya kazi, na kuwasaidia kudai mafao ya ulemavu kutoka serikalini. Kampuni iliyotuajiri haikuwa ya serikali wala ya hisani. Ilikuwa kampuni ya biashara, na jina lake hatulitaji.

Ndugu zetu wa nyumbani, kila tulipowaeleza kazi hii, waliuliza swali lile lile: iweje mgonjwa adai haki yake kwa serikali kwa kupitia mfanyabiashara? Swali ni la haki, na jibu lake linahitaji maelezo kidogo.

Marekani ina mafungu mawili kwa aliyepatwa na ulemavu. La kwanza ni bima ya ulemavu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1956, nayo ni ya mtu aliyefanya kazi na kukatwa mchango katika mshahara wake. La pili, lililoanza kulipwa Januari 1974, ni ruzuku ya fukara aliye mlemavu, kipofu, au aliyefikisha miaka 65, hata kama hakuwahi kuchangia. Katika mwaka 2023 ruzuku hiyo kutoka serikali kuu haikuzidi dola 914 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na anayeipokea hatakiwi kuwa na akiba inayopita dola 2,000. Mafungu yote mawili yako chini ya Idara ya Hifadhi ya Jamii. Maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza. Aliyekataliwa hupewa siku 60 za kukata rufaa. Faili hupitiwa upya, likikataliwa tena huenda mbele ya jaji wa Idara, kisha Baraza la Rufaa, na mwisho mahakama ya shirikisho. Katika njia hiyo miaka miwili hupita mtu akiwa bado anasubiri. Hapo ndipo kampuni kama ile yetu inapopata nafasi. Sheria inamruhusu wakala, hata asiye mwanasheria, kumsimamia mdai. Mdai akishindwa, wakala hapati ada. Akishinda, wakala huchukua robo ya malimbikizo, yaani zile fedha ambazo mdai alistahiki kulipwa katika muda wote aliokuwa akingoja. Novemba 2022 kikomo cha ada hiyo kilipandishwa kutoka dola 6,000 hadi 7,200.

Msomaji makini ameshaona palipo na mwiba. Malimbikizo hukua kadiri kesi inavyochelewa. Hatusemi kwamba kampuni ilizichelewesha kesi kwa makusudi, hilo hatukuliona. Tulichokiona ni kwamba humo ndani hapakuwa na mtu mwenye haraka, isipokuwa mgonjwa.

Hata hivyo, mambo ya fedha yalikuja kutusumbua baadaye. Kilichotusumbua kwanza ni neno tulilolelewa nalo.

Sisi watu wa pwani, na Waislamu kwa jumla, tumefundishwa tangu utotoni kwamba ukiulizwa hali, jibu ni "Alhamdulillah". Mgonjwa amelazwa, mkononi ana sindano ya maji, usiku kucha hakupata usingizi, akija mtu kumjulia hali husema, "Alhamdulillah, leo sijambo." Aliyekuja kumtazama hadanganyiki. Anamwangalia macho, anasikiliza anavyopumua, na akitoka barazani humwuliza mkewe au mwanawe habari yenyewe ilivyo. Mgonjwa amehifadhi shukrani yake kwa Mola wake, na jamaa wamepata habari wanayoihitaji. Mambo haya mawili hayagombani, kwa sababu wote wanaohusika wanaijua lugha.

Sasa mchukue mgonjwa huyo umpeleke kwa daktari wa Columbus mwenye dakika 15 za kumwona. Daktari anauliza hali. Mgonjwa anasema Alhamdulillah, sijambo. Mkalimani, ambaye mara nyingi yuko kwenye simu na hamwoni mgonjwa, anatafsiri kwamba mgonjwa anasema yu mzima. Daktari anaandika: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Miezi sita baadaye mtumishi wa Idara, ambaye hatakutana na mgonjwa huyo maisha yake yote, anausoma mstari huo na kuuweka kwenye mizani dhidi yake. Tuliukuta katika faili baada ya faili, hata ikawa tunaufahamu kabla jicho halijaufikia. Anaendelea vizuri. Hana malalamiko leo. Ana moyo wa uchangamfu. Kila ulipoandikwa, tulijua nyuma yake kuna mtu aliyemshukuru Mwenyezi Mungu.

Mmoja wa wadai wetu wa mwanzo alikuwa baba wa miaka 48, mwenyeji wa Mombasa. (Yanayoweza kumtambulisha, yeye na wengine, tumeyabadilisha.) Alikuwa akipakia na kupakua mizigo katika ghala kwa miaka 11, hadi pingili za mgongo zikaharibika. Alikuja kwetu akiwa ameshakataliwa mara moja. Ombi lake la kwanza alilijaza mwenyewe, akisaidiwa na kijana wake wa sekondari. Miongoni mwa karatasi za ombi kuna fomu ndefu inayouliza maisha ya kila siku: unafanya nini tangu unapoamka hadi unapolala, nani anapika, unavaa nguo mwenyewe au unasaidiwa, unaweza kutembea umbali gani kabla ya kupumzika. Kuna pia swali la mahali unapokwenda kwa kawaida, na kanisa limetajwa kuwa mfano. Baba huyu aliandika kwa fahari kabisa: huenda msikitini, huswali swala tano.

Katika maelezo ya kumkataa, yaliyohifadhiwa failini, maneno hayo yalikuwa yamerudiwa. Mwombaji, waliandika, huhudhuria ibada kila siku.

Tulimpigia simu. Mmoja wetu akamwuliza, kwa adabu kadiri alivyoweza, "Baba, samahani, unasujudu?"

Akanyamaza. Kisha akasema anaswali kitini.

Tangu lini? Tangu mwaka na nusu. Na msikitini kwenyewe hupelekwa na gari la jirani, husubiri watu watawanyike ndipo ainuliwe, ili vijana aliokuwa akiwasomesha juzuu wasimwone anavyobebwa. Daktari hakumwambia. Kaka yake mwenyewe, wanayeishi mtaa mmoja, hakumwambia. Tulipomwuliza kwa nini hakuliandika jambo hilo kwenye fomu, alijibu kwa sauti ya chini: "Niiandikie serikali kwamba nimeshindwa kusujudu? Hayo ni baina yangu na Mola wangu."

Hatukuwa na jibu. Ofisi zile hazimfundishi mtu jibu la swali kama hilo. Humfundisha kutimiza idadi ya simu. Tulimwomba ruhusa ya siku mbili, tukaenda kumwuliza imamu wa msikiti wetu kama tunayo haki ya kumtoa mtu siri ya aina hiyo. Imamu alitukumbusha habari tunayoijua sote, kwamba Mtume (saw) katika maradhi yake aliwaeleza masahaba ukali wa homa aliyokuwa nayo, wala hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo alipungukiwa na subira. Alitukumbusha pia Nabii Ayyub (as), aliyemweleza Mola wake dhara lililompata, akabaki kuwa mfano wa wenye kusubiri. Kumweleza tabibu au kadhi hali yako ilivyo, alisema, si kuilalamikia qadari. Tulipoinuka ili tuondoke akatuuliza, "Nyinyi mnaandika analolisema, au mnalotaka aseme?"

Swali hilo lilikaa nasi kuliko maelezo yote yaliyolitangulia, na tutalirudia.

Yule baba alikubali. Tukaandika: huswali akiwa amekaa kitini, hawezi kurukuu wala kusujudu, huinuliwa na mtu mwingine. Ilitubidi tueleze pembeni rukuu ni nini na sijda ni nini, maana msomaji wa upande wa pili hazijui. Tulimsomea maandishi yote kwa Kiswahili kwenye simu. Akaomba tumsomee tena. Kisha akasema, "Pelekeni."

Kesi yake ilisikilizwa kwa simu, kama zilivyosikilizwa nyingi tangu Machi 2020. Katika kikao kama hicho jaji humwita mtaalamu wa ajira, amwambie kama zipo kazi ambazo mtu mwenye hali ile bado anaweza kuzifanya. Mtaalamu hutegemea kitabu cha serikali cha orodha za kazi, ambacho mara ya mwisho kilifanyiwa marekebisho mwaka 1991. Siku hiyo alitaja kazi ya kuchambua njugu ukiwa umekaa. Mkalimani alipoitafsiri, yule baba, ambaye kwa nusu saa alikuwa akijibu kwa unyenyekevu, alishindwa kujizuia: "Njugu? Njugu za wapi, hapa Ohio?" Tuliokuwa tukisikiliza tuliziba midomo. (Juni 2024 Idara ilitangaza kuziweka kando kazi 114 za kitabu hicho ambazo zimekwisha kupitwa na wakati, kwa wengi ilikuwa ni baada ya maji kumwagika.) Jaji alimpa ushindi. Fedha zilipofika, kampuni ikakata robo yake, naye akatupigia kutushukuru sisi, jambo lililotutia haya.

Turudi kwenye swali la imamu. Tangu wiki ya kwanza msimamizi wetu alitufundisha kanuni moja: mwulize mdai juu ya siku yake mbaya kuliko zote, na hiyo ndiyo uiandike. Hoja yake haikuwa ya mtu mwovu. Aliona kwamba fomu zinajazwa na watu wanaojikaza, na kwamba anayejikaza hushindwa. Lakini siku mbaya kuliko zote si siku zote, na anayeweka sahihi chini ya karatasi ile anaapa kwamba yaliyomo ni kweli. Tulishindana na kanuni hiyo kwa muda, tena kwa ukimya, maana mshahara tuliuhitaji. Mwishowe tukaanza kuuliza kwa namna nyingine: katika siku saba, ngapi unaamka mwenyewe, ngapi unaamshwa? Tukaandika zote mbili, nzuri na mbaya, pamoja na idadi yake. Msimamizi alinung'unika kwamba mafaili yetu yanachukua muda mrefu. Ni kweli, yalichukua muda mrefu.

Waongo walikuwapo, hatuwezi kuficha. Mtu mmoja alituapia kwamba mkono wake wa kulia hauinuki, na Jumamosi hiyo hiyo mmoja wetu akamwona dukani akitupia magunia ya mchele kwenye gari. Tulimwambia hatutaandika. Alikwenda kampuni nyingine, na baada ya hapo hatukuijua habari yake. Lakini mwongo mmoja kama huyo hutajwa barazani mwaka mzima, ilhali mia wanaoficha maumivu yao hakuna anayewataja, kwa kuwa wamefanikiwa kuyaficha.

Sasa tufike mahali ambapo hatukutaka kufika.

Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kupima mafaili baada ya jaji kukataa. Faili ambalo malimbikizo yake ni madogo, au ushahidi wake ni mgumu kuupata, liliachwa. Mdai alipelekewa barua ya kujitoa: tunasikitika, hatutaendelea kukusimamia, una siku 60 za kukata rufaa mwenyewe. Barua ilikuwa imeshatungwa; sisi tulijaza jina, namba na tarehe. Iliandikwa kwa Kiingereza. Alhamisi moja ya mwaka 2023 mmoja wetu aliandaa barua kumi na moja za namna hiyo kabla ya adhuhuri, kisha akaenda kuswali.

Jumapili ya wiki iliyofuata, nje ya madrasa, tulikuwa tukisubiri watoto. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, alitujia. Tulimfahamu sana. Alipitia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, akafika Marekani mwaka 2019, akafanya kazi ya usafi hotelini hadi kisukari kikamtia ganzi miguu yote miwili na kuanza kumla macho. Alikuwa na miaka 52. Watoto wetu walimwita bibi. Alifungua pindo la kitenge akatoa barua iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu," alimwambia yule aliyekuwa karibu, "unisomeye hii barua. Nazani wamenikubaliya."

Ilikuwa barua yetu. Chini, mahali pa herufi za aliyeiandaa, palikuwa na herufi za yule yule aliyeishika.

Mtu atauliza, iweje tusimjue tulipokuwa tukiijaza? Sisi tulimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Faili lilimjua kwa jina la kwenye hati za ukimbizi. Hatukupata kuwaweka watu hao wawili pamoja. Hiyo ndiyo sababu, wala hatuileti kama udhuru.

Mwenzetu alimsomea. Hakuruka neno. Alipofika mwisho akamwambia, "Mama, barua hii nimeiandika mimi." Yule mama akamtazama kwa muda. Halafu akauliza kama ina maana kwamba lile kosa linaweza kurekebishwa, kwa kuwa mwenye kulitenda amepatikana.

Lisingeweza kurekebishwa kwa wepesi huo. Mkimbizi, kwa sheria, ana miaka saba tu ya kuweza kupokea ruzuku ile. Ikipita kabla hajapata uraia, mlango hufungwa. Yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa zaidi ya minne, yote akiwa hajapokea hata senti. Na katika zile siku 60 zilikuwa zimekwisha 23, maana barua ya jaji yenyewe ilikaa ofisini kabla ya kupimwa. Jumatatu mmoja wetu aliomba ruhusa ya ugonjwa, ambayo haikuwa kweli, na tunaiandika hapa kwa kuwa tumeandika makosa ya wengine. Akampeleka kwenye ofisi ya wanasheria wa msaada, wasiotoza ada. Walikuwa na foleni ndefu. Walimpokea siku ya 51.

Kampuni ilipojua kwamba tunawaelekeza wateja walioachwa mahali pengine, mwenzetu alipewa onyo la maandishi. Hatukuacha kazi siku hiyo, kama ambavyo hadithi nzuri ingetaka. Tulikaa mwaka mwingine mzima na zaidi. Tulikuwa na kodi za nyumba, na mmoja alikuwa akimsomesha mdogo wake Zanzibar. Ila tangu wakati huo kila barua ya kujitoa iliyohusu mtu wa meza yetu tuliifuatisha kwa simu, nje ya saa za kazi, kwa Kiswahili, na kwa jina ambalo mtu huyo huitwa na watu wake.

Tulipokuwa tukilizungumza jambo hili na wazee wetu kwa simu, mzee mmoja wa Unguja alitushangaa. Huko, tangu Aprili 2016, mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni jamii. Fedha yenyewe ilianza ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hakuna wa kuiita utajiri. "Lakini," alisema, "sijaulizwa nimwonyeshe mtu mgongo wangu." Tuliuonea wivu wepesi wa jambo hilo.

Tuliondoka mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho wetu alitoka Desemba 2024. Rufaa ya mama wa Uvira ilikwisha kupita Baraza la Rufaa, nalo likamrudishia jaji kesi aisikilize upya, kwa kuwa taarifa za daktari wa macho hazikuzingatiwa. Siku chache kabla ya kikao, mwanasheria wake alituomba tukae naye, tumzoeze maswali kwa lugha yake. Tulikwenda wote watatu, nyumbani kwake, baada ya alasiri. Alitupikia, japo tulimkataza, naye akaketi kwenye mkeka akinyoosha miguu aliyokuwa haisikii.

Mmoja wetu akajifanya jaji. "Hali yako vipi leo, mama?"

"Alhamdulillah," akasema.

Tukamtazama, hatukumsahihisha. Akacheka kidogo, akakumbuka. Akainua mkono wa kushoto na kuanza kuhesabu vidole, taratibu, akitaja kimoja kimoja: nyayo, magoti, macho, usingizi wa usiku, sindano za asubuhi na jioni, chungu alichokidondosha Ijumaa kwa kuwa mkono nao umeanza. Alipoingia mkono wa pili alisimama, akatuuliza kama hayo yanatosha, au jaji atataka mengine.